Mzazi Akisema "Tumengoja Sana"

Wazazi wakilalamikia foleni kwenye kliniki za watoto hapa Kisumu, wahudumu wa afya huwa na jibu: mzazi hawezi kupima ubora wa tiba. Wana hoja. Mama aliyepewa antibiotiki zisizohitajika kwa mafua ya kawaida huondoka ameridhika. Daktari aliyemwambia mtoto hahitaji dawa, anyweshwe maji na uji, huonekana hajafanya kitu. Tena daktari bingwa anayepokea rufaa za kaunti kadhaa hatampa kila mtoto nusu saa. Hayo nayakubali.

Lakini foleni nayo ni sehemu ya tiba. Chukua kliniki ya selimundu, ugonjwa wa kurithi wa damu uliokithiri ukanda huu wa ziwa, kwa kuwa anayerithi jeni moja tu ya ugonjwa huo, kutoka kwa mzazi mmoja, hupata kinga dhidi ya malaria kali, na malaria ni yetu tangu enzi za mababu. Mtoto aliyerithi mbili haonwi siku moja akapona. Anahitaji penisilini kila siku hadi miaka 5, kinga ya malaria na asidi ya foliki. Akianzishiwa haidroksiyurea, dawa ya kupunguza makali ya selimundu, damu yake hupimwa mara kwa mara ili dozi isimdhuru. Utafiti uliofanyika Angola, Kongo, Uganda na kwetu Kilifi, ukachapishwa 2019, ulionyesha kuwa dawa hii hupunguza maumivu, malaria, haja ya kuongezewa damu, hata vifo. Inamfaa mtoto anayerudi kliniki.

Na asiyerudi? Makadirio yanayotajwa sana ni kwamba kati ya asilimia 50 na 90 ya watoto wanaozaliwa na selimundu Afrika hufa kabla ya kutimiza miaka 5, wengi bila ugonjwa kutambuliwa. Upana wa makadirio hayo huniuma kuliko tarakimu zenyewe. Kati ya 50 na 90 wamo watoto walioandikwa kuwa wamekufa kwa malaria au homa, na wengine ambao hawakuandikwa popote. Ukimpata mtoto mmoja akatambuliwa, mama yake akaelezwa, kisha akapotea kwa sababu ya nauli na benchi, umempoteza aliyekwisha kuokolewa nusu.

Nimewahi kukaa kwenye benchi kama hilo na dada yangu na mpwa wangu, tangu saa kumi na mbili asubuhi hadi saa tisa alasiri. Kulikuwa na foleni ya kadi, ya bima, ya maabara, ya daktari, kisha dirisha la dawa, ambako tuliambiwa moja imeisha, tukanunue nje. Daktari alikuwa mpole na alieleza vizuri. Dada hakumlalamikia mtu. Aliuliza tu kama tarehe ya mwezi ujao inaweza kuahirishwa, maana siku nzima bila kuuza ni siku bila unga.

Angepewa fomu pale dirishani aulizwe kama ameridhika, angejibu "tumeshukuru", na angemaanisha. Mama aliyekata tamaa mwezi uliopita yuko nyumbani, Mbita au Usenge huko kando ya ziwa, hakuna wa kumuuliza. Ndiyo maana alama nzuri za kuridhika hazinitulizi.

Dawa ya hili tunaijua. Anayeishi na VVU na hali yake ni imara hupewa dawa za miezi mitatu au zaidi, wala haitwi kila mwezi. Mtoto wa selimundu aliye imara angeweza kuchukua penisilini yake kwenye zahanati ya jirani, akaja kwa bingwa siku ya kipimo tu, tena kwa saa aliyopangiwa badala ya wote kuitwa alfajiri. Na kabla ya kugawa fomu nyingine, muuguzi afungue daftari la mwezi uliopita, atafute majina ambayo hayajarudi, awapigie wazazi simu.