Miaka 12 ya Alfred Bickel Ambayo Takwimu Haziioni

Kila Kombe la Dunia linapokaribia, kurasa za michezo hujaa orodha za rekodi, na katika orodha hizo kuna sentensi moja ambayo hurudiwa karibu neno kwa neno: ni wachezaji wawili tu waliocheza fainali za Kombe la Dunia kabla na baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, nao ni Erik Nilsson wa Sweden na Alfred Bickel wa Uswisi. Mwandishi huipachika sentensi hiyo na kuendelea na mabao 13 ya Just Fontaine, na msomaji hubaki akidhani kwamba Bickel ni mtu aliyebebwa na kalenda tu, ambaye angekuwa amesahaulika kabisa kama vita visingezuka. Mimi naona sentensi hiyo, ingawa ni ya kweli, imemdhulumu. Inataja mwaka 1938 na mwaka 1950, kisha inaiacha miaka 12 iliyo katikati kana kwamba haikuwahi kuwapo, ilhali ndani ya miaka hiyo ndimo ulimo ubora wake wote.

Alfred Bickel, ambaye wenzake walimwita Fredy, alizaliwa Eppstein, Ujerumani, tarehe 12 Mei 1918, miezi sita kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza kumalizika. Soka lake la utu uzima lilikuwa la klabu moja tu, Grasshoppers ya Zürich, aliyoitumikia kuanzia mwaka 1935 hadi 1956. Aliichezea timu ya taifa ya Uswisi mechi 71 kati ya mwaka 1936 na 1954, akafunga mabao 15. Kwa miaka mingi ni Severino Minelli pekee, beki aliyecheza naye Grasshoppers, aliyemzidi kwa idadi ya mechi za taifa katika nchi hiyo. Leo Granit Xhaka amepita mechi 100, nami simpunguzii chochote, ila tukumbuke kwamba siku hizi timu ya taifa huingia kambini mara kadhaa kila mwaka, ilhali enzi za Bickel kulikuwa na miaka ambayo hata kupata mpinzani wa kucheza naye lilikuwa suala la kidiplomasia.

Ili kumwelewa mchezaji huyu ni lazima kumwelewa kocha aliyemlea. Karl Rappan, mzaliwa wa Vienna, alitua Grasshoppers mwaka uleule wa 1935 ambao Bickel alianza kucheza akiwa na miaka 17, akakaa hapo hadi 1948. Rappan alijua kwamba wachezaji wa Uswisi wa wakati ule, wengi wao wakiwa na kazi zao za kila siku, wasingeweza kushindana kwa nguvu na pumzi na timu za nchi kubwa ambako mpira ulikuwa ajira. Kwa hiyo akabuni mfumo wa komeo: mpira ukipotea timu nzima hurudi nyuma haraka, viungo wa pembeni hushuka kuwa mabeki, na beki mmoja hubaki nyuma ya wenzake akisubiri kufagia chochote kinachopita. Waitalia waliuendeleza mpango wa namna hiyo baadaye na kuupa jina la catenaccio, na dunia ikadhani umezaliwa kwao. Watu huuzungumzia mfumo huu kwa kutazama mabeki, lakini mimi naamini mzigo mkubwa zaidi ulikuwa wa washambuliaji, kwa sababu wachache waliobaki mbele walitakiwa kutumia vizuri kila mpira uliowafikia, wakijua kwamba msaada uko mbali. Bickel alikulia katika shule hiyo ngumu tangu ujana wake, na nadhani ndiyo iliyomfundisha uchumi wa nguvu uliomwezesha kudumu uwanjani kwa zaidi ya miaka 20.

Juni 1938, Rappan akiwa pia kocha wa timu ya taifa, Uswisi ilikwenda Paris kukutana na Ujerumani katika raundi ya kwanza ya Kombe la Dunia. Haikuwa Ujerumani ya kawaida. Mwezi Machi mwaka huo Austria ilikuwa imemezwa, timu yake iliyokuwa imefuzu ikafutwa, na kocha Sepp Herberger akalazimika kuchanganya Wajerumani na Waaustria katika kikosi kimoja. Mechi ya tarehe 4 Juni ilitoka sare ya 1–1 hata baada ya muda wa nyongeza, na ikabidi irudiwe tarehe 9 Juni katika uwanja uleule wa Parc des Princes.

Marudio hayo yanastahili kusimuliwa taratibu. Wilhelm Hahnemann, Mwaustria aliyevaa jezi ya Ujerumani, alifunga dakika ya 8. Dakika ya 22 Ernst Lörtscher wa Uswisi alijifunga, na ubao ukasoma 2–0 dhidi ya nchi ndogo iliyotegemea ulinzi, yaani timu ambayo kwa kawaida haikuundwa ili kufukuza mabao. Dakika chache kabla ya mapumziko Eugène Walaschek akarudisha moja. Kisha, dakika ya 64, Bickel akasawazisha. Alikuwa ametimiza miaka 20 mwezi uliopita. Bao hilo ndilo lililogeuza mechi, kwa kuwa baada yake Wajerumani walivunjika moyo na André Abegglen akafunga mawili ndani ya dakika tatu, dakika ya 75 na ya 78. Mechi ikaisha 4–2. Mabao ya Abegglen ndiyo yaliyobaki vinywani mwa watu, na ni haki yake, lakini bao la kusawazisha lina uzito wa peke yake, kwa kuwa anayelifunga huwa bado hajui kama timu yake itaamka au itazama. Siku tatu baadaye, huko Lille, Uswisi iliyochoka kwa mechi mbili ngumu ilifungwa 2–0 na Hungaria na kutolewa.

Mshambuliaji wa miaka 20 aliyeifunga Ujerumani katika Kombe la Dunia angekuwa na kila sababu ya kutazamia la 1942, akiwa na miaka 24, na la 1946, akiwa na miaka 28. Kila mtu anayeujua mpira atakwambia kwamba hiyo ndiyo miaka ambayo mshambuliaji huiva. Makombe yote mawili hayakufanyika. Tarehe 2 Septemba 1939 jeshi lote la Uswisi liliitwa chini ya Jenerali Henri Guisan, na wanaume wa rika la Bickel wakatakiwa kulinda mipaka na njia za milimani. Ligi ya msimu wa 1939–40 ilichezwa kama mashindano ya muda wa dharura, na Servette ya Geneva ikaibuka bingwa.

Hapa ndipo hoja inayopingana nami husimama, nami naiheshimu. Inasema kwamba Bickel na Nilsson hawakuwa bora kuliko wenzao, bali walizaliwa katika nchi mbili ambazo hazikuingia vitani, ndiyo maana miguu yao ilisalimika. Kuna ukweli mkubwa ndani yake, na hata rekodi yenyewe inaonyesha: wote wawili wametoka katika mataifa yasiyofungamana na upande wowote. Tazama yaliyomkuta Ernest Wilimowski, aliyeifungia Poland mabao manne dhidi ya Brazil mwaka 1938 na bado wakafungwa 6–5. Nchi yake ilivamiwa, naye akajikuta amevalishwa jezi ya Ujerumani, na tarehe 18 Oktoba 1942 mjini Bern akaifunga Uswisi mabao manne katika ushindi wa Wajerumani wa 5–3. Baada ya vita hakuichezea tena Poland. Kipaji chake hakikuwa pungufu kuliko cha Bickel, pengine kilizidi, lakini historia ilimpasua vipande viwili.

Hata hivyo, hoja ya bahati haifiki mbali, kwani Waswisi na Waswidi waliocheza mwaka 1938 walikuwa wengi, na wote waliishi katika nchi zilizosalimika, lakini mwaka 1950 kutoka kila upande alisimama mmoja tu. Léonidas wa Brazil, mfungaji bora wa 1938, alikuwa bado anacheza mpira kuelekea fainali za nyumbani kwake, na hakuitwa. Amani ya nchi humpa mchezaji nafasi ya kubaki hai, lakini haimpi nafasi katika kikosi cha taifa baada ya miaka 12. Hiyo aliipata kwa mazoezi ya kila juma, katika kipindi ambacho hakukuwa na jukwaa la dunia la kumwonyesha anafanya nini.

Na alifanya mengi. Akiwa na Grasshoppers alitwaa ubingwa wa ligi mwaka 1937, 1939, 1942, 1943, 1945, 1952 na 1956, pamoja na Kombe la Uswisi mara tisa. Mafanikio hayo kwa nje ya Uswisi hayazungumzwi, kwa sababu Ulaya wakati huo ilikuwa ikihesabu maiti na haikuwa na muda wa kufuatilia ligi ya nchi moja ndogo. Timu ya taifa nayo iliendelea kucheza na waliokuwapo. Tarehe 20 Aprili 1941, siku ya kuzaliwa kwa Hitler, Uswisi iliifunga Ujerumani 2–1 mjini Bern. Mtu anayesema kwamba soka la miaka ya vita lilikuwa la kupitisha muda tu hajafikiria maana ya mechi kama hiyo kwa watu waliokuwa wamezungukwa pande zote.

Jambo ambalo mimi binafsi naliona kubwa kuliko yote katika maisha yake ya uwanjani lilitokea baada ya vita, wakati hapakuwa na vita vya kusingizia. Rappan aliondoka mwaka 1948, na mwaka uliofuata Grasshoppers, klabu yenye mataji mengi kuliko nyingine yoyote nchini, ikashuka daraja. Bickel alikuwa na miaka 31. Alibaki. Maana yake ni kwamba mchezaji aliyekwenda Brazil mwaka 1950 kuiwakilisha Uswisi alikuwa anatoka katika timu ya daraja la pili, na bado hakuna aliyethubutu kumwacha. Grasshoppers walipanda tena mwaka 1951, na msimu wa kwanza tu baada ya kurudi, 1951–52, wakachukua ubingwa na kombe kwa pamoja, Bickel akiwa na miaka 34 siku wanasherehekea. Sijui mabingwa wangapi leo wangekubali kukaa miaka miwili katika viwanja vya daraja la chini kwa ajili ya jezi waliyoizoea.

Brazil kwenyewe Uswisi ilianza vibaya, ikafungwa 3–0 na Yugoslavia mjini Belo Horizonte tarehe 25 Juni. Siku tatu baadaye walikutana na wenyeji katika uwanja wa Pacaembu, São Paulo. Kocha wa Brazil, Flávio Costa, alibadilisha viungo wake na kuwaweka wachezaji wa São Paulo ili kuwaridhisha mashabiki wa mji huo. Alfredo alifunga dakika ya 3, Jacques Fatton akasawazisha dakika ya 17, Baltazar akaipa Brazil uongozi tena dakika ya 32, na mchezo ukaelekea mwisho kila mtu akidhani umekwisha. Dakika ya 88 Fatton akafunga tena. Sare ya 2–2. Ukiacha Uruguay, iliyowaliza wenyeji katika mechi ya mwisho, hakuna timu nyingine iliyowanyang'anya Wabrazil pointi katika mashindano yale, na hao ndio waliowachapa Waswidi wa Nilsson 7–1 siku chache baadaye. Shujaa wa siku ile ni Fatton bila ubishi, lakini katika safu ileile ya mbele alisimama mtu aliyeifunga Ujerumani Paris wakati Fatton akiwa mtoto wa miaka 12.

Mwaka 1954 Kombe la Dunia lilifika Uswisi kwenyewe, Rappan akiwa amerudi kuifundisha timu ya taifa. Bickel, akiwa na miaka 36, hakucheza fainali hizo. Ulikuwa pia mwaka wa mwisho wa kuonekana kwake katika timu ya taifa, hivyo aliikosa karamu iliyoandaliwa nyumbani kwake kwa umbali mdogo sana, na robo fainali ya Lausanne, ambayo Austria ilishinda 7–5, ikawapa umaarufu Josef Hügi na wenzake wa kizazi kipya. Yeye akarudi klabuni, akacheza misimu miwili zaidi, na mwaka 1956 akamaliza kwa ubingwa na kombe. Baadaye aliifundisha Grasshoppers kwa vipindi viwili. Alifariki tarehe 18 Agosti 1999.

Ukimtafuta leo kwenye intaneti, jina linalotangulia ni la Fredy Bickel mwingine, mkurugenzi wa michezo aliyefanya kazi na FC Zürich na Young Boys. Uwanja wa Hardturm, ambako yule wa kwanza alicheza mechi zake za nyumbani, ulifungwa mwaka 2007 na kubomolewa mwaka uliofuata. Ndiyo maana nasisitiza kwamba hata sentensi ile moja ya vitabu vya rekodi, kwa kuwa ndiyo iliyobaki, iandikwe kikamilifu: kwamba Alfred Bickel alicheza Kombe la Dunia la 1938 na la 1950, kwamba kati yake alikosa mawili yaliyokuwa ya umri wake, na kwamba alifika la pili akitokea daraja la pili.