Wamehifadhi Kila Kitu Isipokuwa Masikio Yangu

Jamani, mimi sipingi maendeleo. Lakini huu ukarabati wa mji mkongwe umenishinda tabia.

Walitundika bango: "Tunahifadhi urithi." Kweli, wamehifadhi. Mlango wa karakana ya mhunzi umepigwa msasa na vanishi mpaka unajiona sura. Mhunzi mwenyewe, na nyundo yake iliyokuwa ikiniamsha alfajiri bila kudai ujira, kahamishiwa nje ya mji. Ndani sasa ni mgahawa, na spika juu ya mlango inalia sauti za ndege. Ndege wa kurekodiwa! Wale wenyewe walikuwa juu ya mti uliokatwa kupisha maegesho.

Mawe ya uchochoroni nayo yameng'olewa, vikawekwa vigae. Zamani mtu akija namjua kwa hatua zake: huyo mwenye nyumba, zima taa, bana pumzi. Siku hizi ananiibukia mlangoni kama paka.

Nikalalamika. Akatumwa kijana na kipimo cha desibeli. Akakinyanyua, akatabasamu: "Hongera mzee, kelele zimepungua." Mwanangu, hicho kidude kinajua sauti ni kubwa kiasi gani, kinajua ni ya nani? Nyundo ya mhunzi na viyoyozi vinavyonguruma usiku kucha, kwake vyote namba. Hata ISO, shirika la kimataifa la viwango, mwaka 2014 walishakubali kwamba mandhari ya sauti ni vile watu wenyewe wanavyoyasikia na kuyaelewa pale walipo. Nikamweleza hayo. Akaandika: "Mkazi ana hasira."

Japani waliorodhesha sauti 100 za kutunzwa mwaka 1996, kengele za mahekalu zikiwemo. Ufaransa ndiyo usiseme: mwenye jogoo aitwaye Maurice alishtakiwa na majirani kwa sababu jogoo anawika, akashinda kesi mwaka 2019. Mwaka 2021 ikatungwa sheria ya kutambua sauti na harufu za vijijini. Yaani jogoo wa shamba ana wakili, mimi wa mjini nina kiyoyozi cha jirani!

Na sasa kaja mpangaji mpya, ghorofa ya juu, aliyekodi pale kwa sababu dirisha linatazama mnara wa saa. Anakusanya saini kengele ya mnara inyamazishwe, inamkatiza usingizi. Jana kanigongea, karatasi mkononi. Nikamwomba kalamu.

Sijamrudishia.