Kisu Kilichogoma Kufungwa

Leo asubuhi nimefungua boksi kwa meno. Na mfukoni nilikuwa na visu viwili. Si kimoja, viwili. Cha kizamani, chenye mpini wa mbao, kilinyeshewa jana, mbao ikavimba, kikagoma kufunguka. Cha kisasa kinafunguka hata ukikitazama vibaya, ila hicho nimekatazwa kukifungua ndani ya jengo letu. Tangazo limebandikwa ukutani. Jina langu halimo, lakini kila anayelisoma akimaliza ananigeukia.

Wabeba visu wenzangu mnayajua maisha yetu. Aliyekuuliza jana unabebea nini kisu kama jambazi, leo ndiye anayekuja na sauti ya asali, "Kaka, kile kisu chako kipo?" Anafungulia kopo la rangi, anachunia waya, anachokonolea kitu ambacho hata sitaki kukijua, kisha anakurudishia ncha imepinda na neno la shukrani, "Mbona hakikati?"

Mimi kwa asili ni mtu wa kisu cha kizamani, na nakitetea hadharani bila haya. Hakina kufuli. Kina springi tu mgongoni inayoushikilia ubapa usilegee, na mfuo mdogo wa kuingiza ukucha. Unauvuta ubapa taratibu, ukifika katikati unatua kidogo, halafu unamalizia safari kwa mlio wa adabu, tik, kama mzee anayekohoa kabla ya kupiga hodi. Mikono miwili inahusika. Hapo ndipo penye siri yote, maana wakati unahangaika na ukucha, waliokuzunguka wanapata muda wa kutosha kujiridhisha kwamba huyu bwana anakwenda kukata kamba na hana neno na mtu.

Wala si ushamba. Kule Hallstatt, Austria, kimefukuliwa kisu cha kukunja chenye mpini wa mfupa, umri wake zaidi ya miaka 2,500. Fundi visu Karl Elsener wa Ibach alianza kulipelekea jeshi la Uswisi visu mwaka 1891, na ndani yake mlikuwa na ubapa, kitoboleo, kifungulia makopo na bisibisi ya kufungulia bunduki. Jeshi zima, nasema, na hakuna askari aliyelalamika kwamba kisu chake hakirukiruki.

Nilimweleza hayo mpwa wangu. Akanisikiliza kwa heshima, akanijibu, "Mjomba, hata mapango watu walikuwa wanakaa."

Huyu kijana hana kisu, ana dini. Anakujulisha kwamba Spyderco wa Marekani walitoa mwaka 1981 kisu chenye tundu la kidole gumba na klipu ya mfukoni, na kwamba tangu siku hiyo habari ya kucha imekwisha. Anazitaja aina za chuma kwa majina kama mtu anayetaja wachezaji wa timu yake, D2, S30V, M390. Nikamwambia changu ni 1095. Akanitazama kwa huruma, akasema hiyo ina kaboni karibu asilimia 0.95, haina kinga ya kutu. Kana kwamba sijui. Ninakipaka mafuta kila Jumapili kuliko ninavyojipaka mwenyewe.

Basi kwa kunionea huruma akanipa cha kwake kimoja. Cheusi, chembamba, ukikishika unahisi umepewa kazi ya siri. Na mimi, kwa kutotaka kumvunja moyo mtoto wa dada yangu, nikakitia mfukoni, nikaenda nacho kazini Jumanne.

Jumanne ndiyo hiyo.

Bosi alikuwa na wageni, watu wanne wenye makabrasha. Kiti chake kipya kililetwa katikati ya kikao, ndani ya boksi lililozungushiwa selotepu kama maiti ya Farao. Bosi akauliza, "Nani ana kisu?" Kimya. Mkasi wa ofisi ulishapotea enzi nyingine. Nikainuka. Nakiri niliinuka polepole kuliko ilivyohitajika. Nikavuta shati, nikakohoa, nikatia mkono mfukoni kwa utulivu wa mtu anayetoa kalamu kwenda kusaini mkataba, nikagusa kile kitundu kwa kidole gumba.

KLAK!

Ndugu zangu, ule si mlio wa kufungulia boksi. Mgeni mmoja aliinua mikono juu. Mama wa uhasibu aliukumbatia mkoba wake na kufumba macho. Mwingine alisema, "Chukua tu laptopu." Nikasema, "Msiogope," na hilo ni neno ambalo mtu mwenye kisu wazi mkononi hatakiwi kulitamka kabisa, maana aliyekuwa haogopi ndipo anaanza.

Nikakata. Kwa kweli kilikata. Kilikata selotepu, kikakata boksi, kikakata na ngozi ya kiti cha bosi kama sentimita nne hivi, pale pa kukalia.

Hilo nalo lingepita. Tatizo likawa kukifunga.

Changu unakisukuma mgongo, springi inakubali, kimelala. Hiki nikakisukuma, wapi. Nikakisukuma kwa kiganja, wapi. Nikakibana kwenye paja nikisaidiwa na ukuta, wageni wote wakiniangalia, wapi. Bosi akasema kwa sauti ya chini sana, "Funga hicho kitu." Nikamwambia nakifunga. "Kifunge sasa." Nikamwambia ndicho ninachokifanya. Jasho likaanza.

Kwa kuona ninawatisha wageni, busara ikaniambia nitoke nje nikahangaike peke yangu. Nikafungua mlango wa korido, lifti nayo ikafunguka, na watu saba waliokuwa wanashuka ghorofa yetu wakaamua kwamba wana kazi ghorofa nyingine.

Mlinzi akaja. Akasimama mbali, mkono mmoja mbele kama anasimamisha gari.

"Mzee, weka chini."

"Hakifungi!"

"Ndiyo maana nakwambia weka chini."

Nikaweka chini. Akakisogelea, akachuchumaa. Nami nikachuchumaa. Tukakitazama pamoja kama madaktari wawili juu ya mgonjwa asiye na cheti. Nikampigia simu mpwa, nikaiweka kwenye spika.

"Mjomba, sukuma kibati."

"Kibati gani?"

"Ndani ya mpini. Kile kilichoruka kikakaa nyuma ya ubapa. Kisukume pembeni kwa kidole gumba."

"Pembeni ipi?"

"Kushoto."

"Kushoto kwako au kwangu?"

"Mjomba, mimi niko nyumbani!"

Nikakiona. Sasa naomba mnieleze, maana tangu Jumanne sijalala vizuri. Kile kibati kiko kwenye mfereji ule ule ambamo ubapa unalala. Yaani ili kisu kifungwe, unaweka kidole gumba njiani mwa makali, unaachia kufuli kwa kidole hicho hicho, unauita ubapa uje, halafu unakitoa kidole kabla haujafika. Na kifaa hiki kinasifiwa kwa usalama! Wanasema kufuli inazuia kisu kisikufungie vidole. Kweli, inavizuia mpaka saa ya kukifunga, halafu inakuomba uvilete mwenyewe.

Sikuthubutu. Mlinzi akakichukua, akasukuma, akakunja, kikafungwa. Akapumua. Nami nikapumua. Halafu akakifungua. KLAK. Akakifunga. KLAK tena. Lifti ikafunguka, ikafungwa bila mtu kushuka. Akakichezea pale dakika tatu nzima, uso umemng'aa kama mtoto, akasema, "Kitu kizuri sana hiki, mzee." Kisha akachomoa daftari akaandika jina langu kama mtu mwenye silaha.

Jioni mpwa akaniambia kosa ni langu, ninatakiwa nizoee. Nimejaribu kuzoea. Klipu yake imenasa mkono wa kiti mara mbili na kuchana suruali mara moja. Na kunoa usiseme. Changu nakipitisha kwenye kitako cha kikombe cha udongo, ile duara ya chini isiyong'arishwa, mara kumi huku mara kumi kule, kinakuwa wembe. Hiki nimekisugua kwenye jiwe la kawaida nusu saa, jiwe ndilo lililoisha. Mpwa anasema ndani yake mna madini ya vanadi, inatengeneza chembe ngumu kuliko jiwe lenyewe, nitafute jiwe la almasi. Almasi! Ninoe kisu cha kufungulia bahasha kwa almasi, kama naposa.

Hata Waingereza, watu wa kutunga sheria mpaka za mvua, wapo upande wangu. Kwao kisu cha kukunja kisicho na kufuli, chenye makali yasiyozidi inchi 3, yaani sentimita 7.62, unatembea nacho hadharani bila kudaiwa sababu. Kikiwa na kufuli, andaa maelezo. Nilimtumia mpwa hiyo habari saa sita usiku. Akanijibu kwa emoji ya kucheka.

Kwa hiyo jana nikarudi kwa kisu changu cha mbao kwa moyo mweupe, kama mume aliyetubu. Mvua ikanikuta njiani. Leo asubuhi nakivuta, ukucha ukavunjika. Nakivuta kwa koleo, koleo ikachubua ubapa. Nikakigonga mezani, nikakipuliza, nikakiweka juani dirishani kama samaki. Miaka yote nimekisifia kwamba hakina haraka, leo kimeamua kunionyesha maana ya neno lenyewe.

Ndipo nikatumia meno. Na ndani ya boksi mlikuwa na nini? Jiwe la almasi. Ndiyo, niliagiza. Ningefanyaje, kisu chenyewe ni butu na ni zawadi ya mtoto wa dada.

Nikiwa bado natema selotepu, nikaona mtu amesimama mlangoni. Mama wa uhasibu, yule yule wa mkoba. Miwani mkononi, mguu mmoja wa miwani unaning'inia, skrubu imelegea.

"Kaka yangu, samahani. Una kile kisu?"

Nikamnyoshea cha mbao kwa heshima. Nikamweleza kwamba kimevimba kidogo, asubiri mpaka saa nane jua litakapokuwa limekolea.

Akakitazama. Akatazama korido kulia na kushoto, akasogea, akashusha sauti.

"Siyo hicho. Kile cha mlio."