Asilimia 96 ya nini? Samoni wachanga na mabwawa manane ya Columbia

Samoni mchanga anayeteremka kutoka vijito vya jimbo la Idaho, Marekani, kwenda Bahari ya Pasifiki huvuka mabwawa manane ya umeme. Manne yako mto Snake: Lower Granite, Little Goose, Lower Monumental na Ice Harbor. Manne yaliyobaki yako mto Columbia: McNary, John Day, The Dalles na Bonneville. Mwaka 2008 serikali ya Marekani iliweka kigezo kwamba kila bwawa livushe hai angalau asilimia 96 ya samoni wanaoteremka majira ya kuchipua, na asilimia 93 ya wale wadogo zaidi wa kiangazi. Vipimo vingi vilivyofuata vilifikia kigezo hicho au kukikaribia. Lakini samoni wakubwa wanaorudi kutaga mto Snake bado ni wachache mno. Wenye mabwawa wanasema wamefaulu mtihani; wenye samaki wanasema mtihani wenyewe ulitungwa vibaya.

Hesabu ndogo kwanza. Ukizidisha 0.96 kwa yenyewe mara nane unapata 0.72. Maana yake, hata mabwawa yote manane yakifaulu, hadi samaki 28 katika kila 100 hufia kwenye kuta tu, kabla ya kuhesabu wanaoliwa katika maziwa yaliyo kati ya bwawa na bwawa. Katika miaka mingi, wanaotoka Lower Granite na kufika chini ya Bonneville wakiwa hai ni takriban nusu. Kwa hiyo asilimia 96 na asilimia 50 hazipingani. Zinapima vipande tofauti vya safari ileile.

Vyombo vya kupimia ni viwili, na kila kimoja kina kilema chake.

Cha kwanza ni chipu isiyo na betri. Ina urefu wa milimita 12, unene wa kama milimita 2 na uzito wa takriban gramu 0.1, ifikirie kama punje ndefu ya mchele. Samaki hutiwa kwanza kwenye maji yenye dawa ya usingizi ya MS-222. Dawa hiyo ina asili ya tindikali, hivyo huchanganywa na magadi soda ili isimchome samaki. Akishalegea, chipu husukumwa tumboni kwa sindano nene, naye hurudishwa kwenye maji safi mpaka azinduke. Chipu hukaa kimya hadi ipite ndani ya antena, ambayo huipa nguvu ya kutaja namba yake. Kwa kuwa haina betri ya kuisha, chipu iliyowekwa Idaho huweza kusomwa tena miaka miwili au mitatu baadaye, samaki akiwa na uzito wa kilo kadhaa na anapanda ngazi ya samaki, yaani mfereji wa vidato wa kupandia bwawa, pale Bonneville.

Kilema chake ni masafa. Antena za kawaida husoma umbali usiofika hata mita moja, kwa hiyo samaki lazima apite kwenye bomba au mfereji mwembamba. Mabwawa mengi ya mto huu yana mahali pa namna hiyo: vichujio vikubwa vya wavu mbele ya turbini humpandisha samaki kwenye kisima ndani ya ukuta, akatokea tunduni hadi mfereji wa pembeni, kisha bomba linalomtoa chini ya bwawa. Antena ziko hapo. Anayepita kwenye turbini, au kwenye utoro wa maji, ile milango ya kumwagia maji ya ziada, kwa kawaida hasomwi.

Wasiosomwa hukadiriwa kwa kuangalia nyuma. Tuseme samaki 200 wamesomwa McNary, na kati yao 80 walikuwa wamesomwa pia Lower Granite. Basi antena za Lower Granite huona asilimia 40 ya wanaopita. Kama zilisoma samaki 400 kwa jumla, waliopita wakiwa hai ni kama 1,000. Huo ndio moyo wa modeli ya Cormack, Jolly na Seber inayotumika tangu miaka ya 1960. Sharti lake ni kwamba aliyesomwa na asiyesomwa wawe na bahati sawa ya kuishi baadaye. Tutalirudia sharti hili, maana ndipo ugomvi ulipo.

Chombo cha pili ni kipaza kidogo chenye betri, nacho hutoa mlio usiosikika na binadamu, wa kilohezi 416.7, kila baada ya sekunde chache. Toleo la kudungwa kwa sindano lina urefu wa milimita 15 na uzito wa takriban gramu 0.2, matoleo ya awali yalikuwa mazito zaidi na yalihitaji upasuaji na nyuzi za kushonea. Maikrofoni za majini zilizopangwa kwenye uso wa bwawa hukokotoa samaki alikuwa wapi na aliingia mlango gani. Hapa hakuna kukisia njia: unajua fulani alipita turbini, fulani utoro.

Kupata asilimia ya bwawa peke yake kunahitaji makundi matatu. La kwanza ni samaki waliosikika wakiwa hai kwenye uso wa ukuta. La pili huachiwa mara tu chini ya bwawa, na la tatu mbali zaidi kuelekea chini. Kwa kuyalinganisha haya mawili unapata vifo vya kipande cha mto kisichohusu bwawa. Tuseme asilimia 90 ya kundi la kwanza wamefika mstari wa maikrofoni wa chini, na kipande cha mto chenyewe huvusha asilimia 94. Gawanya 0.90 kwa 0.94, unapata 0.957. Bwawa limekosa 96 kwa asilimia 0.3 tu! Ila kigezo kiliruhusu kosa sanifu, yaani kipimo cha mashaka ya makadirio, la hadi asilimia 1.5. Kwa kawaida huhesabiwa kama mara mbili kila upande, kwa hiyo thamani halisi huweza kuwa popote kati ya karibu 93 na karibu 99. Kufaulu au kufeli kwa asilimia 0.3 ni jambo la mawakili kuliko la samaki.

Makosa ya upimaji yenyewe hujificha. Samaki aliyekatwa na turbini huweza kuelea chini huku betri ikiendelea kulia. Maikrofoni zikiwa karibu mno, maiti huandikwa kuwa hai. Ndiyo maana watafiti huachia kwa makusudi samaki waliokufa wenye vipaza, waone mkondo unawafikisha wapi. Wagonjwa na waliojeruhiwa huachwa kabla ya kudungwa, kwa hiyo kinachopimwa ni uhai wa samaki waliochaguliwa. Halafu kuna shinikizo. Samaki aliyezoea kina cha mita 10 yuko kwenye shinikizo la angahewa mbili. Turbini ikimshusha ghafla hadi nusu angahewa, hewa iliyo kwenye kibofu chake cha kuelea hutanuka mara nne. Mwenye kipaza kizito hujaza hewa zaidi ili asizame, naye hupasuka kirahisi zaidi. Kwa hiyo chombo kinaweza kuongeza kifo kilekile kinachokipima. Makosa ya kwanza yanapendelea bwawa, hili la mwisho linalionea.

Sasa hoja. Upande wa Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi la Marekani, wanaoyaendesha mabwawa haya, pamoja na wauza umeme, una nguvu zisizopaswa kudharauliwa. Njia za juu za kuvushia samaki zimejengwa, turbini zimeboreshwa, na vifo vingi vilivyobaki vina wahusika wengine: ndege kama buabua na minandi wa visiwa vya mdomo wa mto, ambako chipu za samaki hukutwa kwa maelfu mchangani, na bahari yenye joto linalobadilika. Utafiti wa 2008 uliolinganisha Columbia na mto Fraser wa Kanada, ambao mkondo wake mkuu hauna bwawa, ulikuta uhai wa samoni wanaoteremka hautofautiani sana.

Upande wa makabila yenye mikataba ya uvuvi ya 1855, wakiwemo Nez Perce na Yakama, pamoja na wanasayansi wa Fish Passage Center, ofisi inayochambua takwimu za uvukaji wa samaki, haupingi namba hizo. Unasema tu kwamba samaki hafi palepale anapojeruhiwa. Aliyepita mabomba na turbini mara tano hufika baharini kachoka na kachelewa, akafia huko, na kifo chake kikaandikwa kwa bahari. Ushahidi wao mkuu ni samoni wa mto John Day, ambao huvuka mabwawa matatu tu na hurudi kwa kiwango kizuri kuliko wale wa Snake. Baraza la nishati la eneo hilo limeweka lengo la kurudi asilimia 2 hadi 6 ya walioteremka. Snake kwa kawaida hawalifikii.

Wanaoipinga hoja hii hujibu kwamba mito hiyo hutofautiana kwa umbali na mazingira, na kwamba wanaoingia mabomba ya pembeni ni wadogo tangu mwanzo, kwa hiyo wangekufa zaidi hata bila bomba. Hili ndilo lile sharti la bahati sawa. Likivunjika, hesabu nzima huyumba, na hakuna antena inayoweza kulithibitisha peke yake. Kwa maoni yangu hoja ya vifo vya baadaye ina uzito mkubwa zaidi, kwa kuwa chipu hudumu mpaka samaki anaporudi. Kuikata safari chini ya ukuta na kuita hapo mwisho ni uamuzi wa kiutawala, si wa kibiolojia.

Jambo linalozungumzwa kidogo ni kwamba tiba iliyochaguliwa inafumba macho ya kipimo. Tangu 2020 maji mengi zaidi humwagwa kwenye utoro majira ya kuchipua, na majimbo ya Washington na Oregon yakaruhusu gesi iliyoyeyuka majini ifike asilimia 125 ya kiasi ambacho maji hubeba kwa kawaida, ingawa ikizidi huleta mapovu kwenye mapezi na macho ya samaki. Samaki wengi wakipita utoro, wachache hupita kwenye mabomba yenye antena. Makadirio hupanuka mpaka mtu asiweze kusema kama kumwaga maji kumesaidia. Makubaliano ya 2023 kati ya serikali, makabila na majimbo hayo mawili yalifutwa Juni 2025, na mabishano yakarudi mahakamani yakitegemea namba hizihizi.

Lower Granite walifunga antena kubwa kwenye njia ya juu ya utoro, zikaanza kusoma mwaka 2020. Ni mlango mmoja kati ya minane ya bwawa hilo. Kabla ya kubishana tena kuhusu kiasi cha maji ya kumwaga, ningeanza kwa kuuliza maji yanamwagwa mlango upi, na kama kuna chochote pale cha kumsoma anayepita.