Mjomba Kagoma Kunyanyuka

Watu wa Mikindani wakikusimulia kwamba kuna mjomba mmoja wa Chikongola alikwenda kuposa, akagoma kuondoka mpaka mahari ipunguzwe, usiwabishie. Wala usiwaamini moja kwa moja. Mjomba mwenyewe ndiye mimi, na habari ile ilitiwa chumvi nyingi kabla haijafika stendi.

Mimi ni karani wa mizani katika ghala la korosho hapa Mtwara mjini. Kazi yangu ya kukaa. Msimu ukifunguliwa, Oktoba hivi, magunia yanapita mbele yangu kutwa nzima. Vijana wanabeba, mimi naandika. Kilo nazijua sana, ila kwa kalamu. Sasa kliniki nilikokwenda kupima presha, nesi akaitazama kadi, akalitazama tumbo, akaniambia mtu mzima anatakiwa apate walau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa kuchangamka, na juu ya hapo siku mbili au zaidi za kazi ya misuli. Nikamjibu kutembea natembea.

"Kutembea ni kutembea, baba," akasema. "Misuli nayo ina hesabu yake. Umri ukisogea inapungua polepole, usipoitumia ndiyo inakwenda jumla."

Nina miaka arobaini na saba. Nikapiga hesabu ya misuli iliyokwisha kuniponyoka, nikaona ni shehena.

Jioni nikamgusia mpwa wangu, mtoto wa dada, ambaye kwa kupiga tizi kifua chake hakiingii tena kwenye shati la kazini. Alifurahi kupita kiasi. Ijumaa ile ile akanichukua mkukumkuku mpaka jimu yao.

Jimu yenyewe iko chini ya mwembe. Ukuta hakuna, kwa hiyo watazamaji hawalipi kiingilio. Kuna benchi la mbao za kreti, tairi la lori, na fahari yao kubwa: bomba la maji ambalo kila ncha imezamishwa kwenye kopo la rangi la lita nne lililojazwa zege. Nikauliza hiki kilo ngapi. Wakasema kumi huku, kumi huku. Nikainua ncha moja, nikainua ya pili. Nimeshika mizani miaka mingi, mkono haudanganywi. Zege la lita nne ni kilo tisa na kitu, kumi hazifiki. Na lile la kushoto lilikuwa limefurika mpaka juu, wamelishindilia na nati kuukuu. Nikawaambia, chuma chenu kinapunja upande wa kulia.

"Mzee wangu," Kocha akanijibu kwa adabu zote, "hapa hatuuzi."

Huyo Kocha ni kijana mdogo tu, na nitamtendea haki: maneno yake yalikuwa mazuri. Alisema leo chuma nisikiguse. Nichuchumae na kusimama mara kumi, nipumzike, kumi tena, nipumzike, kumi za mwisho, nikalale, tuonane Jumatatu. Akasema wiki za mwanzo mtu anapata nguvu kwa kuwa ubongo unajifunza kuiita misuli kazini, na misuli yenyewe inakuja kukua baadaye, kwa hiyo hakuna cha kukimbilia. Kisha akaenda kununua vocha.

Kumi za kwanza sikusikia kitu. Za pili, kitu hakuna. Wakati huo kina mama waliokuwa wanatoka sokoni wameshasimama na vikapu vyao, na mmoja akasema, "Kumbe karani naye!"

Maneno hayo matatu, mwanamume ukiambiwa mbele ya watu, utafanya nini? Nikaomba bomba. Mpwa wangu akaniwekea mabegani. Nikashuka taratibu, kwa madaha, ili waliokuwa nyuma nao waone, nikapanda. Mpwa akawa anahesabu kwa sauti, wenzake wakaitikia, ikawa ni shangwe. Chuma kilipotuliwa wakanionyesha zoezi lingine, la kupiga hatua ndefu mpaka goti linakaribia kugusa mchanga. Nikalifanya kutoka mwembeni hadi kijiwe cha bodaboda na kurudi. Bodaboda wakapiga honi. Nilirudi nyumbani naimba.

Jumamosi asubuhi miguu ilikuwa imekaza kidogo tu, tena nikaona fahari. Mchana nikaenda chooni.

Choo chetu ni cha kuchuchumaa. Kushuka nilishuka, niseme kweli, sikushuka, nilifika. Kazi ikawa kurudi juu. Ukuta wa kulia umepigwa plasta laini, mkono unateleza. Wa kushoto una msumari wa kutundikia taulo, nao ulitoka na taulo lake. Kilichobaki ni mlango wa bati. Nikashika komeo kwa mikono miwili nikavuta. Bawaba ya juu ikaachia skrubu ya kwanza, ikatulia, ikaachia ya pili. Nilikuwa naitazama. Ile ya tatu ilipochomoka mimi nilikuwa nimeshafika nusu ya safari, na hapo huwezi kughairi. Tulitoka uani pamoja, mimi na mlango, nimeukumbatia.

Dada yangu alikuwa anapepeta mchele. Hakuuliza kitu. Alisema tu, "Na fundi atalipwa na nani?"

Nikajikokota mpaka dukani kutafuta dawa ya kuchua. Muuza duka akanionea huruma, akanipigia Kocha kwa simu yake, kwa sauti ya nje ili nisisumbuke kuishika.

"Shikamoo mzee wangu. Pole. Mkojo wako rangi gani?"

Foleni ya unga yote ikageuka.

"Kocha, nipo dukani."

"Sawa, lakini rangi gani? Ukiwa mweusi mweusi, rangi ya chai kavu, nenda hospitali sasa hivi usisubiri kesho. Misuli ikivunjika kupita kiasi, taka zake zinakwenda kuharibu figo."

"Ni wa kawaida."

"Sauti inakatika, mzee."

"WA KAWAIDA!"

"Alhamdulillahi," akasema mama mmoja kwenye foleni, na nadhani alikuwa anamaanisha.

Kocha akatulia. Akanieleza kwamba basi sina ugonjwa, nina mapaja. Nyuzi za misuli zimepata vichaniko vidogo vidogo, hasa pale unapokuwa unashuka na mzigo. Kushuka taratibu kwa madaha ndiko kunakochana kuliko kupanda. Habari ya asidi kuganda miguuni, akasema, ni ya vijiweni. Na maumivu haya hayaishi kesho yake: yanachacha siku ya pili au ya tatu, ndipo yanaanza kushuka. Nitembeetembee, nile vizuri, nilale.

"Kesho ndiyo yenyewe," akamalizia. "Kesho usipange safari."

Kesho ilikuwa Jumapili ya posa.

Na hapa asiye wa kwetu anaweza kusema, si ungebaki nyumbani? Kwetu Wamakonde, kwa mila, ukoo unashikwa upande wa mama. Mtoto wa dada yangu ni wangu, na posa bila mjomba ni barua isiyo na muhuri. Na mposaji mwenyewe alikuwa nani? Yule yule mwenye kifua kisichoingia kwenye shati, aliyekuwa ananihesabia. Kwa hiyo nikavaa kanzu, nikapakiwa kwenye bajaji.

Mikindani ni mwendo wa kilometa kumi hivi kutoka mjini, na ile barabara inayozunguka ghuba, na minazi, siku nyingine ningeisifia. Nyumba ya wakwe iko kule juu, upande wa Boma. Wajerumani walipojenga Boma lao mwaka 1895 walichagua mlima ili waone vyombo baharini, wajomba hawakuwafikiria. Nilipanda kiubavuubavu, kila hatua tatu nasimama kulitazama Boma. Mshenga wetu, mzee wa heshima zake, akasema hajajua kama mimi ni mpenzi wa historia.

Viti vilikuwepo. Nataka hilo lijulikane. Lakini mjomba akawekewa mahali pa heshima, na mahali pa heshima palikuwa mkekani, katikati. Nikashika nguzo, nikajiachia. Wenyeji wakaona nimekaa kwa unyenyekevu mkubwa.

Mazungumzo yalikwenda vizuri. Mshenga akasema tumepita, tumeona ua. Wakasema ua lina wenyewe. Akasema ndiyo maana tumebisha hodi. Soda zikaja, sambusa zikaja. Kisha mjomba wa binti akavaa miwani, akakunjua karatasi: mahari milioni moja na nusu, mkaja wa mama laki mbili, kilemba cha mjomba laki mbili, na vitu vya ndani vimeorodheshwa nyuma.

"Sasa wageni wetu," akasema, "tokeni kidogo nje mkashauriane."

Wenzangu wote wakasimama. Mimi nikaweka kiganja cha kulia kwenye mkeka nikajisukuma. Hakuna. Nikaweka viganja vyote viwili. Paja la kulia likaanza kutetemeka peke yake ndani ya kanzu, nikalikalia mkono. Ukili wa mkeka ulikuwa umeshanichora viganjani mistari ya kukatizana, jasho linachuruzika sikioni, na macho nimeyakaza kwenye kalenda ya ukutani, kwa sababu nikimtazama mtu ataniuliza.

"Mjomba mwenzangu," mwenyeji akauliza, "hutoki?"

"Sitoki."

Ndilo jibu pekee la kweli nililokuwa nalo. Chumba kikanyamaza. Mtu akarudisha sambusa kwenye sahani.

Wenyeji wakatazamana, wakatoka wao. Nikasikia minong'ono uani, na sauti moja ikipanda: "Si niliwaambia? Huyu ni yule wa mizani! Huyu robo kilo haiachii!" Mshenga akainama sikioni kwangu.

"Mjomba, wewe kumbe ni fundi. Kaza hapo hapo."

"Mzee, siwezi kunyanyuka."

"Hasa! Usinyanyuke."

Wakarudi. Mahari milioni moja na laki mbili, kilemba laki moja. Tokeni mkashauriane. Wenzangu safari hii hawakusimama hata kidogo. Walikunja mikono wakanitazama kwa imani. Mimi nikajaribu tena, kwa nia njema kabisa, nikatoa mguno tu. Mguno ule wakauchukua kuwa ni dharau. Wakatoka tena. Waliporudi mjomba wa binti alikuwa amevua miwani: mahari milioni moja kamili, kilemba kimefutwa, mkaja laki moja, na kabati tutanunua wenyewe.

Pembeni kulikuwa na bibi yake binti, anatafuna tambuu tangu tumeingia, hajasema neno. Akatema.

"Acheni karatasi," akasema. "Mtazameni miguu. Huyu hakugoma, huyu amekwama." Akanigeukia. "Mwanangu, umelima wapi?"

"Sikulima, bibi. Nimefanya mazoezi."

"Ya nini?"

"Ya nguvu."

Kicheko kilianzia chumba cha wanawake, na sauti ya mbele kabisa ilikuwa ya dada yangu. Vijana wawili wa nyumba ile wakanishika makwapani wakanivuta juu, nikatoa sauti ambayo paka wao alitoka nje. Niliposimama, mjomba wa binti akawa ameshavaa miwani yake: basi hesabu irudi palepale pa mwanzo. Mshenga wetu akaruka: neno la posa likishatamkwa halimezwi! Wakabishana mpaka soda zikapata moto. Mimi nimeegemea nguzo, sithubutu kukaa.

Bibi ndiye aliyekata shauri. Mahari ibaki milioni moja, maana mwenyewe ameiteremsha na hakulazimishwa. Mkaja urudi laki mbili, mama hana kosa. Kilemba kirudi laki moja. Na mwisho wa karatasi iongezwe shilingi elfu ishirini, za vijana waliomnyanyua mjomba. Ikaandikwa kweli, nikapewa nitie sahihi: "Kunyanyua: 20,000." Kwa kilo au kwa kichwa, haikuelezwa. Karatasi ya hivyo ghalani kwangu ningeirudisha.

Ndoa ni baada ya msimu. Mpwa wangu anasema nimemwokolea laki sita ukijumlisha na kilemba, lakini hela ya mlango wa choo bado anaizungusha. Kocha alikuja mwenyewe Jumatano kunipa pole na kunipa zoezi jipya: nikae kwenye kiti, nisimame bila kutumia mikono, mara kumi, nipumzike, nirudie, siku moja ndiyo siku moja hapana. Kiti kikizoeleka tutatafuta kifupi zaidi, na chuma baadaye. Dada yangu amejipa usimamizi. Amesema harusini kutakuwa na mikeka, na hataki tena kuona watu wanalipwa.

Kwa hiyo jioni anakaa uani na ungo wake, mimi kwenye kiti mbele yake, anahesabu. Na anaiba. Jana nimefika saba kwa hesabu yangu, yeye anasema tano, kwamba mbili nilishika magoti. Nikamwambia nimehesabu magunia maisha yangu yote.

"Magunia hayashiki magoti," akasema. "Sita."