Dirisha la msaji au la alumini: nani agharamie Mji Mkongwe?

Ukipita Mji Mkongwe wa Zanzibar, inua macho ghorofani. Pale palipokuwa na dirisha la mbao za msaji lenye luva, yaani vibao vya mshazari vinavyoacha nafasi, na juu yake upinde wa vioo vya rangi, pengine utakuta alumini ya kusukuma pembeni. Wanaotaka ing'olewe hutaja urithi wa dunia, hadhi ambayo UNESCO iliupa mji huu mwaka 2000. Hoja nzito, lakini mimi naanzia kwenye upepo.

Luva hupitisha hewa ya bahari, zikazuia jua na macho ya wapita njia. Vile vioo vya juu huleta mwanga hata mbao zikifungwa. Alumini ya kusukuma hufunguka nusu tu, chumba kikafukuta, mwenye nyumba akaishia kununua kiyoyozi. Tena mbao huanza kuoza chini, maji yanapotuama. Seremala anayejua kazi hukata kipande hicho akaunga kingine, fremu ikabaki ileile. Kioo cha zamani nacho, chenye mawimbimawimbi, hakikuteremka kwa uzee kama wengi wanavyoamini. Kilitoka hivyo kiwandani, enzi za kupuliza kioo kwa mdomo. Kikivunjika, hupati mfano wake dukani.

Lakini msikilize na mpangaji. Nyumba nyingi ni za serikali au za wakfu, hivyo anayelala humo si mwenye mali. Msaji ni ghali, mchwa hawapumziki, na mbu hupenya kwenye luva. Kumkataza alumini bila kumsaidia ni kumbebesha peke yake gharama ya uzuri unaofurahiwa na mji mzima. Hata kukwangua rangi ya zamani kuna hatari: huenda ina madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu kwa watoto, kwa hiyo mbao ilowanishwe kwanza.

Zahanati ya Kale kwenye barabara ya Mizingani, jengo lililoanzishwa na mfanyabiashara Tharia Topan, ilikarabatiwa miaka ya 1990, na roshani zake za nakshi na vioo vya rangi vinapendeza hadi leo. Ila nyuma yake kulikuwa na taasisi ya Aga Khan. Familia ya vyumba viwili haina mfadhili. Ningependa mamlaka itangulize karakana kabla ya faini: seremala wa kuunga mbao, wavu wa mbu kwa ndani, skrubu za shaba badala ya chuma kinacholiwa na chumvi. Na mpangaji akitengeneza dirisha kwa fedha zake, akatiwe kwenye kodi ya pango.