Siafu wa Amani na kitenge cha Baba Askofu

Mama mkwe wangu ndo mweka hazina wa kikundi chetu cha wakulima wa zabibu huku Dodoma, sasa hapo unaelewa kwanini kwenye vikao mi huwa nakaa karibu na mlango. Sio kwamba tunagombana, hapana, ni heshima tu, mkwe ni mkwe, tangu nimuoe binti yake sijawahi kumaliza sahani ya chakula mbele yake na kucheka nacheka kwa kuziba mdomo. Kikundi kikakaa kikaamua twende ziara ya mafunzo Amani, kule Muheza mkoa wa Tanga, tukaone bustani ya mimea na kilimo cha viungo. Jina la kwanza kwenye orodha ya safari likawa la kwake, la pili langu, maana orodha aliiandika yeye.

Tukaondoka usiku na Coaster ya kukodi, Morogoro, Chalinze, Segera, kunakucha tuko kwenye mashamba ya mkonge. Kuna mzee mmoja wa Hombolo tulikuwa nae, yule hakuna asichokijua, akaanza kutusimulia jinsi Mjerumani anaitwa Hindorf alivyouleta mkonge nchini mwaka 1893 kutoka Florida huko Marekani, miche 1,000 ikapakiwa melini, iliyofika ikiwa hai ni 62 tu, na hayo mashamba yote unayoyaona chanzo chake ndo hiyo 62. Gari zima likaguna. Mama mkwe akauliza, "Na ile 938 iliyokufa, hela yake alirudisha nani?" Ndo mweka hazina wetu huyo.

Kutoka Muheza kwenda juu barabara ni kona tupu, msitu huku, bonde huku, na baridi inaingia kidogo kidogo mpaka watu wakaanza kutoa masweta ambayo kwetu huwa tunayavaa Julai tu. Kulikuwa kumenyesha usiku kucha, udongo mwekundu, utelezi, majani yanadondosha maji, na sisi watu wa vumbi tukawa tunayashikashika majani kila hatua. Mzee wa Hombolo akashuka kwenye gari akawasalimia watu wote kwa Kigogo "mbukwenyi", wasambaa wa watu wakaitikia "shikamoo mzee", mambo yakaenda.

Kijana aliyetuongoza alikuwa anaijua kazi yake kwakweli. Akatuambia Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa kilimo na baiolojia hapo mwaka 1902, wakaleta miti kutoka Asia, Amerika ya Kusini na kwengineko kujaribu ipi inakubali, ndo maana ukitembea unakutana na miti ambayo hata jina hujui uanzie wapi. Baadae Waingereza wakaendelea nacho, na miaka ya 1930 watafiti wa hapo wakaanza kuzalisha mihogo inayohimili batobato. Hapo kwenye batobato watu wakatoa madaftari, maana ugonjwa huo kila aliyelima muhogo anaujua.

Ila kuna kitu alikisema kikatuvuruga. Eti Amani iko kama mita 900 na kitu kutoka usawa wa bahari. Jamani, Dodoma ni zaidi ya mita 1,100! Yaani sisi tuliokuja na masweta "kupanda mlimani" ndo tunaotoka juu! Mzee akagoma kabisa, akamwambia kijana apime upya. Yule kijana akacheka, akaeleza kwamba upepo unatoka Bahari ya Hindi na unyevu wake, unakutana na milima ya Usambara, unapanda, unapoa, mvua yote inamwagikia hapo, karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na huko kwenu bara mnapata kama 500 na kitu, 600 mwaka ukiwa mzuri. Mzee akakaa kimya kidogo alafu akasema, "Kumbe ndo nyie mnaotuzibia." Mpaka leo ana kinyongo na Tanga.

Sasa tukafika kwenye mti wa kwinini, ile dawa ya malaria. Kijana akasimama katikati ya njia akaanza kueleza kwamba Vita ya Kwanza ya Dunia meli za Wajerumani zilizuiwa baharini, dawa ikawa haifiki, hivyo Amani wakawa wanatengeneza kwinini hapohapo kutoka kwenye magome kwa ajili ya askari wao. Njia nyembamba, watu wamebanana wanasikiliza, na nafasi pekee iliyobaki ilikuwa bega kwa bega na mama mkwe. Hilo haliwezekani. Nikasogea pembeni kwa adabu zangu, nikasimama kwenye majani, mikono nyuma, mkwe mwenye nidhamu.

Kumbe adabu yangu imenipeleka katikati ya msafara wa siafu.

Na msiniambie habari za kuchomekea suruali kwenye soksi, kijana alitushauri asubuhi na nilichomekea vizuri kuliko wote. Wale wadudu hawakuhangaika na soksi. Walipanda kwa nje taratibu, wakafika mkanda, wakaingilia pale shati lilipochomoka, wakashuka kwa ndani. Na kwa vile soksi zimebana chini, hakuna pa kutokea, wakajaa humo. Ni kama walikuwa wanasubiriana. Nadhani kuna mkubwa wao anatoa amri, maana waling'ata wote kwa pamoja, mapajani, kiunoni, na sehemu ambazo hapa siandiki.

Nikaruka. Nikatua nikaruka tena, nikapiga paja, nikapiga nyonga, nikazunguka. Mzee wa Hombolo akadhani furaha ya kuona mvua imenipanda kichwani, akaanza kunipigia makofi ya ngoma, na wawili watatu wakampokea! Yani nateketea na napigiwa makofi ya mdundo kabisa.

Kijana ndo akaelewa. "Kaka, vua suruali!"

"Siwezi!"

"Vua, siafu hao!"

"Mama yupo!"

"Mama gani?"

"Mkwe!"

"Siafu hawana mkwe kaka, vua!"

Nikavua. Mbele ya kikundi chote, mwenyekiti, katibu, na mweka hazina. Namshukuru Mungu boksa ilikuwa nzima. Mama mkwe, mtu wa heshima, alishageuka zamani akawa anautazama mti wa kwinini kwa karibu sana, pua inagusa gome, akafungua kitenge alichojitanda akakirusha kwa nyuma bila kuangalia, kikampiga kijana usoni, kijana akanipa. Nikajifunga. Ilichukua muda kuwatoa wale waliong'ang'ania, maana unavuta mwili unatoka na kichwa kinabaki kimeuma.

Watu walipotulia ndo nikasikia mtu anacheka kwa pua. Kile kitenge kilikuwa cha jubilei ya kanisani kwao, kina picha kubwa ya Baba Askofu ndani ya duara, kofia kichwani, anatabasamu, na kwa jinsi nilivyojifunga tabasamu lote limeangukia makalioni.

Kijana alishauri suruali iachwe kwenye tawi mpaka watoke wenyewe. Mama mkwe akakataa. Suruali ile alininunulia yeye Krismasi, kitambaa kizuri, hawezi kuiacha msituni. Akaikung'uta, tena kwa nguvu, akaikunja, akaitia kwenye kiroba chake pamoja na iliki, mdalasini na pilipili manga alizonunua. Mi ningesema nini? Mama kasema.

Safari ya kushuka nikawahi siti ya nyuma. Kabla sijakaa nikasikia sauti kutoka mbele, haijageuka hata kutazama, "Baba Neema, usimkalie Baba Askofu."

Nikajaribu kukizungusha aje mbele, ikawa mbaya zaidi. Nikamrudisha. Basi nikasimama. Zile kona zote nimeshika bomba la Coaster, kila gari likiinama naenda nalo, mzee wa Hombolo ananiambia "pole mkwe wa watu" huku mabega yanamtikisika.

Hatujafika getini Sigi nikaona mama mkwe kanyooka ghafla kwenye siti. Kiroba alikuwa amekipakata. Akakaa hivyo kama anapigwa picha ya pasipoti, macho mbele, midomo imebana, akijitahidi kulinda cheo chake. Alafu akasema "Yesu." Kimya. Alafu kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, hata kwenye mkutano wa mapato na matumizi, "DEREVA SIMAMISHAAA!"

Coaster likamwagika lote, wengine kwa madirisha. Siafu walikuwa wametoka kwenye suruali wakapita kwenye iliki wakaenda moja kwa moja kwa mweka hazina. Akakimbilia nyuma ya kichaka na akina mama wenzake, sisi wanaume tukageuka kutazama bonde, tukalitazama kwelikweli. Tunasikia makofi, tunasikia "hapo, hapo, mwingine huyo". Mara ikatoka sauti ya mmoja wao:

"Leteni kitenge!"

Tukatazamana. Akina mama wote siku hiyo walivaa masketi na makoti ya baridi, kitenge kwenye msafara mzima kilikuwa kimoja, na kilikuwa kiunoni kwangu.

"Baba Neema! Kitenge!"

Nikamvua Baba Askofu, mzee wa Hombolo akampokea kwa mikono miwili akampeleka hadi karibu na kichaka akamrusha. Mimi nikapanda garini nikang'oa pazia la dirishani, dereva anafoka kuwa hilo pazia litalipiwa, nikajifunga hivyohivyo. Mpaka Muheza tumekaa, mimi na pazia langu nyuma, yeye na askofu wake mbele, amemgeuzia mapajani ili asimkalie. Muheza nikanunua suruali ya mtumba, fupi, inaishia juu ya vifundo vya miguu, hela akatoa mweka hazina na risiti hakudai. Mara ya kwanza katika historia ya kikundi.

Dodoma tulifika usiku mwingine, mke wangu akatupokea na ugali wa uwele na mlenda, akaitazama ile suruali, akamtazama mama yake anavyojikuna kiunoni kwa siri. Akauliza, "Enhe, Amani kukoje?"

Tukajibu kwa pamoja, "Kuna baridi."

Na mama mkwe akaomba asogezewe mlenda.